Kidole cha Kwandu

Walifika Mlango Mmoja ndani ya robota la mitumba,
kumi na mmoja, wamebanwa kati ya sidiria na soksi,
wanasesere wa vinaili, vichwa vikubwa kama maboga,
wote sura moja, wote wanacheka kwa amri ya kiwanda.
Muuzaji alitaka elfu tano. Nikatoa nne.
Hakujua alichouza, wala mimi nilichonunua,
tukaagana bila mmoja wetu kuringa.

Mchana nasoma mita za maji, Igogo hadi Mabatini,
napanda majabali, daftari kwapani,
mbwa wananijua kuliko wenye nyumba.
Usiku nafuta sura.
Pamba, spiriti, na kicheko kinatoka:
kwanza mdomo, kisha nyusi,
mpaka linabaki yai tupu linalonitazama bila macho,
na hapo, sijui kwa nini, huwa napunguza sauti ya redio.

Vifaa vyangu usivicheke.
Brashi ya nywele tatu nilizonyofoa mkiani mwa mbuzi wa jirani
(hajanisamehe),
rangi za kucha za mke wangu Limi, zile anazosema zimeganda,
msasa laini, gundi, wembe,
magamba ya sangara niliyoyaanika juu ya bati
hadi mwenye nyumba akauliza nani amekufa.
Gamba moja hutosha ngao. Mawili, mabawa.
Kumi na sita huwa kanga, ukiwa na subira
na kama hukunywa chai ya pili.

Wa kwanza nilimharibu.
Wa pili alifanana na mimi, nikamficha.
Wa tatu, vanishi ikiwa bado mbichi,
wadudu wa ziwani waliingia dirishani kama moshi,
mmoja akatua shavuni, akanasa.
Nilishika kibano. Nikakiweka chini.
Sasa ana kipaku, na hakuna anayemfikia kwa uzuri.

Wa nne nikamfanya Kwandu, anayeanika dagaa Mwaloni.
Nilimpa kilemba cha njano, ungo wa kizibo cha soda,
dagaa mia na wawili wa uzi wa fedha, niliwahesabu,
na unyusi ule mmoja unaopanda mteja akitaja bei.
Miguuni kiwanda kilikuwa kimemvika raba.
Nikazipaka nyekundu, nikaona imetosha.

Siku ya kusoma mita nikamtoa mfukoni.
Akamgeuza. Akamnusa.
Akampima mkononi kama dagaa wa mkopo.
Waanikaji wenzake wakasogea,
mmoja akasema, unyusi huo, jamani, unadai deni.
Kwandu hakucheka.
"Mbona umenivika viatu?"
Akavua ndala, akaweka mguu juu ya jiwe.
"Hiki cha pili ni kifupi. Nilizaliwa nacho.
Mama anacho. Kama huyu ni mimi, kiweke."

Usiku nne.
Vinaili haikatwi kwa hasira,
inataka maji ya moto na maneno ya pole.
Raba zilitoka vipande vipande, kama maganda ya yai.
Nyayo nilizifinyanga, visigino vikakubali,
lakini kile kidole, kidogo kuliko punje ya mtama,
kilidondoka mara tatu, na mara ya tatu kikapotea.
Nilikitafuta sakafuni kwa tochi, umeme umekatika,
Limi akapiga magoti kando yangu,
akauliza tunatafuta nini saa hizi.
Nikamjibu: kidole cha mwanamke mwingine.
Naye, Mungu amweke, akaendelea kutafuta.
Ni yeye aliyekiona,
kimeganda kwenye pindo la kanga yake.

Jumatano, Mwaloni, harufu ya jua na dagaa.
Kwandu alivua ndala tena,
akaweka mguu kando ya mguu.
Akatazama huu. Akatazama ule.
Akainama, akatazama tena.
"Haya," akasema. "Soma mita."